Moto wa Jirani ni wa Nani?

Kiangazi kimefika, majani yamekauka, na nyumba zetu nyingi bado ni za nyasi na maturubai. Kwa sababu hiyo kanisa, walimu wa shule na viongozi wa vijiji wamekaa pamoja kupanga jinsi ya kuwafundisha vijana wetu kupambana na moto. Wengi walifurahi. Lakini mama mmoja alisimama akauliza: "Mtoto wangu nilimtoa vitani mgongoni. Leo mnataka kumpeleka motoni, tena katika nchi isiyo yetu, tena bila posho?"

Tulinyamaza. Swali lake ni la haki, na tunalijibu hapa kadiri tulivyojaliwa.

Kwanza, hatari. Moto ukiwaka, kijana hatakaa kando hata kama hakufundishwa. Ataingia ndani kumtafuta mdogo wake. Atamwaga maji kwenye mafuta yanayowaka sufuriani, na moto utaruka. Aliyefundishwa hupiga filimbi kwanza, hutoa watu na kuwahesabu, hufunika sufuria, hutambaa chini ya moshi. Anajua kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno. Zaidi ya yote, anajua wakati wa kutoingia. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Septemba 2024 wengine 21 walikufa Endarasha, Nyeri. Hawakuwa wazima moto, walikuwa wanafunzi waliolala. Tukimnyima mtoto maarifa, hatujamwondolea moto.

Pili, nchi isiyo yetu. Hapa tunapaswa kutubu. Kiangazi kilichopita shamba la mwenyeji liliwaka ng'ambo ya barabara, nasi tukasimama upande wetu tukitazama. Tulisema, "Si letu." Hatukuuwasha moto ule, lakini tuliuacha uteketeze chakula cha watoto wanaokaa dawati moja na wetu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa siku ngapi? Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli waitafutie amani nchi waliyopelekwa, maana amani yao imo ndani ya amani yake.

Tunao pia mfano wa wakimbizi wenzetu. Huko Mbera, Mauritania, wakimbizi kutoka Mali waliunda kikosi cha kujitolea cha kuzima moto wa mwituni. Nchi ile ni ya malisho. Majani yakiungua, mifugo ya mwenyeji na ya mkimbizi inakufa njaa pamoja. Wanaupiga moto kwa matawi ya miti, tena wanapanda miti. Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwapa Tuzo ya Nansen kwa upande wa Afrika. Wakati huo walikuwa wamezima mioto zaidi ya 100. Wao pia walikuwa ugenini.

Tatu, posho. Mama hakukosea. Tumeona mara nyingi neno "kujitolea" likitumiwa ili maskini afanye kazi na mwingine apate sifa. Kujitolea si kutupwa. Basi tumekubaliana hivi: hakuna kijana atakayejiunga bila ruhusa ya mzazi, walio chini ya miaka 18 watapiga filimbi, watatoa watu na kuhesabu, wala hawatausogelea moto, kuupiga moto ni kazi ya watu wazima, nasi wachungaji tumo. Atakayeumia, kanisa litabeba gharama ya matibabu yake. Tukishindwa kutimiza hayo, hatuna haki ya kuwaita watoto wa watu.

Moto wa jirani, basi, ni wetu. Lakini mtoto wa jirani pia ni wetu, na hatuwezi kuokoa nyumba kwa kumpoteza yeye.

Mama yule bado hajakubali. Tumemwomba aje kwenye zoezi la kwanza, Jumamosi asubuhi uwanjani pa shule, akae mbele kabisa. Akiona jambo la hatari, atusimamishe, nasi tutasimama.

Mungu awabariki. Amina.