Je, Upendo Unahitaji Ratiba?

Andiko la kusoma nyumbani: Matendo 3:1-10, Luka 10:25-37



Niliombwa niandike juu ya uaminifu katika utumishi. Nilianza vizuri, nikajaza ukurasa mzima, kisha nikaurarua. Ukweli usemwe: somo la uaminifu mwaka huu sikulipata madhabahuni. Nililipata kwenye ngazi za ploti yetu, tena kutoka kwa watu ambao sikutaka wanifundishe kitu chochote.

Mwaka jana vijana wawili walihamia gorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wetu. Mmoja alitoka Utah, Marekani, mwingine alitoka hapa karibu, Uganda. Shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Wamormoni. Wao wenyewe hupenda kanisa lao liitwe kwa jina kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mke wangu aliponiambia ni majirani zetu, nilifanya mambo mawili. Kwanza niliwaita watoto nikawaonya wasipokee karatasi yoyote kutoka mlango ule. Pili nilimwomba Mungu awahamishe.

Mungu hakuwahamisha, angalau si haraka. Nikakaa nao mlango kwa mlango kwa miezi kadhaa, na kuta za ploti mnazijua. Hata usipotaka kusikia, utasikia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi taa yao ilikuwa imewaka. Walifanya mazoezi kidogo ya mwili, wakaomba, wakala, kisha wakasoma, kila mtu peke yake na baadaye pamoja. Wakitoka wametoka mpaka jioni. Saa nne na nusu usiku taa imezimwa. Hakuna televisheni, hakuna sinema, hakuna msichana wa kupigiwa simu. Na hawaachani. Mmoja akienda dukani kununua chumvi, wanaenda wawili. Kuna wiki yule wa Utah aliugua tumbo, na yule wa Uganda akakaa siku mbili mlangoni kwa kiti cha plastiki, kitabu mkononi, kwa sababu haruhusiwi kumwacha mwenzake.

Kila kijana wa kiume kwao akiwa mmisionari huitwa Mzee, hata kama ana miaka 19. Kitinda mimba wangu aliposikia hivyo aliniuliza, "Baba, mzee gani hana ndevu?" Tulicheka sana siku hiyo.

Siku moja katika wiki wanapumzika kuhubiri. Wanafua, wanasafisha nyumba, wananunua vitu, wanapigia wazazi simu. Yule wa Utah alifua kule juu ya paa kama mtu anayepigana na nguo, akina mama wakamcheka mpaka mmoja akamwonea huruma akamfundisha. Jioni ya siku hiyo angesimama pembeni ya kamba za nguo akiongea na mama yake. Kwetu jua linazama, kwa mama yake ni asubuhi. Aliniambia kwamba kabla ya 2019 wamisionari wao waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Kaka yake alitumikia wakati huo.

Vijana wa kiume hutumikia miaka 2, wasichana miezi 18. Hawachagui nchi. Barua inakuja ikikuambia unaenda wapi, na hawachagui mtu wa kuishi naye pia. Hawalipwi mshahara. Yule wa Utah aliosha vyombo hotelini akiweka akiba, na wazazi wakaongeza. Wako zaidi ya 70,000 duniani wakiishi hivyo hivyo, wengi wao ni wa umri wa vijana wetu wa kwaya.

Sasa mtu asinielewe vibaya. Juu ya mafundisho sina mashaka. Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830. Wana kitabu kingine wanachokiweka pamoja na Biblia kama neno la Mungu, na juu ya Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hawafundishi tunavyofundisha sisi. Tuliongea juu ya hayo pale kwenye ngazi, karibu saa nzima. Niliwafungulia Wagalatia 1:8, mahali Paulo anapoonya juu ya injili nyingine hata ikiletwa na malaika. Walinisikiliza kwa heshima, wakanijibu, sikukubali, nao hawakukubali. Tuliachana hivyo, na mimi niliingia nyumbani nikijiona nimeshinda.

Wiki chache baadaye nilikutana nao wakipanda ngazi, kila mmoja na mtungi wa lita 20 begani. Maji kwetu huja Jumatano na Jumamosi, na hayafiki gorofa ya tano. Nikauliza, "Mnahamia juu?" Wakasema hapana, ni ya mama mmoja anayeishi huko, miguu inamsumbua.

Nilijua ni mama yupi. Ni mshirika wetu. Ni wa ushirika wa nyumbani ambao mimi ndiye kiongozi wake. Nilisimama pale kwenye ngazi nikihesabu, na hesabu ikaniambia ni wiki 7 sijamwona kwenye ushirika wala ibadani. Nilikuwa nimejiambia kwamba bila shaka ameenda ushago. Simu yake ninayo. Sikupiga.

Nilipanda. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, Biblia kando yake. Nikamsalimia, nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Mwanangu, nilidhani kanisa limehama."

Hakuwa anatania, wala hakuwa na uchungu. Nikamuuliza kama wale vijana huja kila mara. "Jumatano na Jumamosi," akasema. "Siku zikinipotea, wakigonga najua leo ni Jumatano."

Hapo nikataka kujua jambo moja, na naona haya kuliandika. Sikumuuliza amekula nini. Nilimuuliza, "Na wanakufundisha vitabu vyao, mama?"

Akasema, "Walijaribu. Nikawaambia mimi nina kanisa. Wakasema sawa mama. Jumamosi wakaja na maji."

Nina kanisa. Wapendwa, hayo maneno mawili yaliniweka macho usiku ule. Alinitetea mbele ya wageni. Alisema ana kanisa, na kanisa lenyewe linakaa gorofa mbili chini yake, linalala usingizi.

Moyo wa mtu ukiumwa hutafuta dawa ya haraka, na mimi niliipata: nikajiambia wale vijana hawafanyi kwa upendo, wanafanya kwa sheria. Wamepangiwa saa ya kuamka, saa ya kusoma, saa ya kusaidia watu. Huo si moyo, hiyo ni saa ya ukutani. Sisi tunaongozwa na Roho.

Nilikuwa nalipenda sana jibu hilo, kwa hiyo nikaenda kulihakikisha. Nilimkuta yule wa Utah akianika nguo nikamuuliza waziwazi: "Kama hakungekuwa na kanuni, ungeamka saa hiyo? Ungebeba yale maji?" Alinyamaza kidogo. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kutafuta maneno, lakini haya aliyapata: "Siku zingine naamka kwa ajili ya Mungu. Siku zingine naamka kwa sababu ni kanuni. Asubuhi sijui ni siku gani. Nikirudi jioni, wakati mwingine najua."

Nilitaka kusikia kwamba yeye ni mashine. Badala yake nilisikia mtu mkweli kuliko mimi.

Basi hilo ndilo swali ninalowaletea: tendo likifanywa kwa sababu saa yake imefika, si kwa sababu moyo umewaka, je, hilo bado ni upendo?

Kuna jibu la upande mmoja ambalo ni la kweli. Ratiba inaweza kuwa sanamu. Isaya 1:14 inatuonyesha Mungu amechoshwa na sikukuu ambazo yeye mwenyewe aliziamuru, kwa sababu watu walizishika huku mikono yao imejaa damu. Mafarisayo walikuwa na ratiba nzuri sana. Mtu anaweza kuhudhuria kila kesha na bado asiongee na ndugu yake. Hatari hiyo ipo, na wale vijana pia hawajakingwa nayo.

Lakini tazama mama anayenyonyesha. Mtoto akilia saa nane usiku, mama haulizi moyo wake kama umeguswa. Anaamka akiwa amechoka, pengine amekasirika, macho hayajafunguka. Nani atasema huo si upendo? Mimi nasema huo ndio upendo wenyewe, kwa maana umebaki ukifanya kazi wakati hisia zimelala. Upendo unaongoja kuwaka kwanza humfaa anayependa. Anayepiga magoti kando ya kitanda akingoja maji haumsaidii.

Tena tusome Matendo 3 taratibu. Sisi Wapentekoste tunaipenda sura ile kwa sababu ya muujiza: kiwete kwenye Mlango Mzuri, anaruka, anamsifu Mungu. Ni mara ngapi tumehubiri mstari wa kwanza? Petro na Yohana walikuwa wanapanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Hawakwenda kwa sababu waliota ndoto. Walienda kwa sababu ilikuwa saa tisa. Hao ni watu waliojazwa Roho Mtakatifu sura moja tu nyuma yake, ndimi za moto bado ziko safi kwenye kumbukumbu, na bado wanashika saa. Muujiza uliwakuta njiani, wakiwa kwenye ratiba. Danieli aliomba mara tatu kwa siku. Bwana wetu mwenyewe, Luka 4:16, aliingia sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Roho hagombani na saa. Sisi ndio tumemtumia Roho kama kisingizio: "Sijasikia msukumo wa kumtembelea." Ndugu, mzigo gani unaungoja, na mtungi wenyewe uko pale chini?

Mtu atauliza: sasa unatuambia tuwaige watu ambao mafundisho yao umeyakataa? Ninyi mnaisoma Luka 10 vipi? Katika Yohana 4:22 Yesu alimwambia mwanamke Msamaria waziwazi kwamba watu wake hawajui wanachokiabudu. Hakulainisha fundisho hata kidogo. Kisha katika Luka 10 mwanasheria akimuuliza jirani ni nani, Yesu huyo huyo akamchukua Msamaria akamfanya mwalimu, huku kuhani na Mlawi wakipita kando. Hakusema Msamaria ana ibada sahihi. Wala hakuficha kwamba Msamaria ndiye aliyesimama. Kuhani alikuwa na hekalu la kweli, na hekalu hilo halikumsaidia mtu aliyelala barabarani.

Kosa la jirani yangu katika fundisho halijawahi kubeba hata lita moja ya maji kwa niaba yangu. Nikiwa na ukweli na nimelala, nitaulizwa kwa nini nililala na ukweli mkononi.

Kwao kila baada ya wiki 6 hutoka habari za uhamisho, nani abaki na nani aende wapi. Siku moja nilisikia masanduku kwenye ngazi. Yule wa Utah alikuwa anapelekwa mji mwingine, na mwenzake pia. Walikuja kuniaga. Nyumba ile ambayo niliomba iwe tupu ikawa tupu, na nikakumbuka kwamba kwa miezi yote ile sikuwakaribisha hata kikombe cha chai. Vijana wa mama zao, ugenini. Hilo sina namna ya kulirudia. Nimelitubu, na bado linaniuma.

Jumatano iliyofuata maji yalikuja. Nilibeba mitungi miwili, nikapumzika gorofa ya nne kama mzee mwenye ndevu kweli. Nikagonga. Kutoka ndani nikasikia, "Kumbe leo ni Jumatano?"

Wiki ya kwanza nilienda kwa sababu ya aibu. Wiki ya pili nilienda nikisikia furaha, nikaimba kwenye ngazi. Wiki ya tatu nilitoka kazini nimechoka, mvua inanyesha, na moyoni hakukuwa na kitu chochote, si aibu wala furaha. Nilienda kwa sababu ilikuwa Jumatano. Siku hiyo ndiyo mama alitaka kuongea. Aliniambia habari za mumewe aliyefariki ambazo kwa miaka yote sikuwahi kuzisikia, tukaomba pamoja mpaka giza likaingia. Kama ningengoja kuguswa, ningekuwa nyumbani nimelala.

Kwa hiyo ushirika wetu wa nyumbani umeandika majina yote 14 kwenye karatasi, na kila jina lina siku yake na watu wawili wa kugonga mlango. Wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale 70. Naomba kila ushirika ufanye hivyo wiki hii, kabla hatujakutana tena Jumapili. Anza na yule ambaye umejiambia ameenda ushago.

Tuombe: Bwana, utusamehe kwa milango tuliyoijua na hatukuigonga. Wale vijana, popote walipo, uwalinde na uwafunulie kweli yako yote. Nasi uliotupa kweli hiyo, utupe na miguu ya kupanda ngazi, hata siku ambayo moyo haujawaka. Katika jina la Yesu, Amina.