Nani Anapiga, Mkono au Sanduku?

Tuseme kijana wa hapa Igowole kafungua redio mbovu, kachomoa swichi, kazichomea lehemu kwenye saketi yenye chipu, kaiunganisha na kompyuta. Jumamosi ukumbini anabonyeza, ngoma inalia. Mtu nyuma anaguna: "Huyo hapigi, anabonyeza tu!" Kweli?

MIDI, lugha ya vyombo iliyotoka 1983, haibebi sauti hata chembe. Inabeba amri: noti ipi, na imegongwa kwa nguvu gani, toka 0 hadi 127. Swichi haijui nguvu; inajua ndiyo na hapana, basi. Anayetaka mguso huchomoa kile kisahani kinacholia ndani ya saa ya alamu, akakifanya ngozi ya ngoma. Hapo kiganja kinaongea.

Mingiedi Mawangu wa Konono No. 1, kule Kinshasa, alitengeneza maikrofoni za likembe kwa sumaku za vipuri vya magari. Sijasikia aliyemwita mdanganyifu.

Kwangu mimi kosa siyo mashine. Sikwensa ikirudia mapigo usiku kucha, inafanya kazi ya mpiga kayamba mvumilivu. Kosa ni pleibeki: watu wamelipa kiingilio, msanii anachezesha mdomo, na hawezi kukosea hata akitaka. Anayebonyeza akichelewa kidogo, sote tunasikia. Huyo anapiga.

Ila je, kama wimbo mzima kaupanga nyumbani, kaja kubonyeza mara moja na kutikisa kichwa? Huyo mshkaji tangazo lake liandikwe disko, na kiingilio kipungue.