Nani Anaijua Bei ya Thadi Pati?

Mama mboga akikupandishia bei ya sukuma wiki, utamuuliza. Atakwambia mvua imekatika, au lori limekwama njiani, au yeye mwenyewe amenunua ghali sokoni alfajiri. Huenda anakuchezea, lakini unaweza kulipima jibu lake: vuka barabara, uliza kwa mwenzake. Na ukikasirika kabisa, leo utakula kabeji.

Bima ya gari haina kabeji. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inakataza gari kutembea barabarani bila angalau bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita thadi pati. Ni sheria nzuri. Mtu akigongwa Jogoo Road, maisha yake hayafai kutegemea kama dereva ana doo mfukoni. Kwa hivyo sibishani na kulazimishwa. Nauliza hivi: nikishalazimishwa na sheria kununua, muuzaji bado ana haki ya kuniambia hesabu yake ni siri ya biashara?

Mimi nasema hana. Siri ya biashara inamfaa mtu ambaye mteja wake anaweza kuondoka.

Ayalandi walibanwa na swali hilo hilo. Bei za bima zilipanda, madereva wakapiga kelele, kampuni zikajibu kwamba fidia zimekuwa ghali. Ni nani angewapinga, na hesabu wanazo wao? Mwaka 2018 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuunda hifadhidata ya kitaifa ya madai, chini ya Benki Kuu. Ripoti ya kwanza ilitoka Desemba 2019, ikichambua miaka ya 2009 hadi 2018. Ikaonyesha kwamba wastani wa gharama ya kila dai ulikuwa umepanda kwa asilimia 64. Kumbe kampuni hazikudanganya! Ila idadi ya madai ilikuwa imepungua kwa asilimia 40. Ukiziweka pamoja, gharama ya madai kwa kila bima iliyouzwa ilikuwa imeshuka kidogo, asilimia 2.5, huku ada wanayolipa madereva ikipanda kwa asilimia 42.

Hapo ndipo pananisumbua. Hakuna aliyesema uongo. Ukweli ulikatwa katikati, nusu ikaletwa mezani, nusu ikabaki kabatini. Na pengine hiyo 42 ina sababu zake za haki, maana kampuni ina gharama nyingine na miaka ya hasara pia. Sawa, zisemwe basi, mbele ya namba ambazo kila mtu anaziona.

Usidhani natafuta bei ya chini tu. Hapa kwetu tumeona bei ya chini inavyoua. Kampuni ya United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield ikafuata mwaka 2011, na zote zilikuwa zimebeba matatu kibao. Ada isiyotosha kulipa fidia nayo ni hesabu iliyofichwa. Mwenye matatu anafurahia stika ya bei nafuu, halafu aliyevunjwa mguu anashinda kesi na kubaki na hukumu kwenye bahasha. Yeye hakusaini kitu na bima yoyote. Alikuwa tu anavuka barabara.

Kuna hofu moja siwezi kuipuuza. Hifadhidata ni kama kioo, na ukikigeuza kidogo kinakuwa dirisha la kukuchungulia. Tukiunda ya kwetu, kishawishi kitakuwa kuijaza majina: nani aligonga, nani alidai mara mbili, mtu wa nduthi wa mtaa gani anaanguka sana. Kampuni zitasema ni kwa ajili ya kuwakamata matapeli, na matapeli wapo kweli. Lakini hapo tutakuwa tumemmulika mnunuzi zaidi na kumwacha muuzaji gizani vilevile. Ripoti ya Ayalandi haina majina ya waliolipwa. Inahesabu madai, fidia, ada za mawakili na faida.

Mamlaka ya kusimamia bima nchini tayari hupokea hesabu za kampuni na kuchapisha takwimu za sekta nzima. Ningependa zipangwe hivi: katika kila mia anayolipa mwenye nduthi, ngapi zilimfikia aliyeumia, ngapi zilibaki kwa wakili, ngapi kwa dalali, ngapi kwa kampuni. Ukurasa mmoja, unaosomeka kwenye simu, kabla hajalipia stika ya mwezi ujao.