Ruthu Aliokota Masuke



Ruthu Mmoabi alifika Bethlehemu bila shamba. Boazi hakumdai cheti. Alimwachia masuke, kama Sheria ilivyoamuru kwa ajili ya mgeni (Walawi 19:9-10).

Leo mama zetu waliofika Ubelgiji wanaona mlango mzito. Muuguzi wa Bukavu haruhusiwi kuuguza kule mpaka diploma yake itambuliwe. Upande wa Flandre kazi nyingi zinadai Kiholanzi. Na mtoto mchanga, nani atamlinda? Basi aliyezalisha wengi anasafisha ofisi usiku.

Ninyi mliomtangulia kule, msiseme tu «tutakuombea». Naomi alimshauri Ruthu. Msindikizeni ofisini, mlindieni mtoto, apate kwenda kujifunza lugha. Nasi tuliobaki, tusimchoshe kwa kuomba pesa kila mwezi.

Katika uzao wa Ruthu alitoka mfalme Daudi. Amina.