Begi la Kilo 10

Kijana mmoja wa Kimara, karani katika ofisi fulani katikati ya jiji la Dar es Salaam, alichoshwa na foleni ya mabasi ya mwendokasi. Aliyewahi kusimama Kimara Mwisho saa 12 asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi. Akanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nzuri kabisa, ila haina keria. Muuzaji alimwambia keria ni mambo ya wauza mikate, naye akaona kweli. Ikawa kila siku ya kazi anateremka Korogwe, Bucha, Baruti, anapita Ubungo, Manzese, Magomeni na Jangwani hadi Posta. Ni kama kilomita 15. Jioni anarudi njia ileile, ila mteremko wa asubuhi sasa ni mlima, tena mlima wa mtu aliyeshinda kazini.

Mwanzoni begi lake la mgongoni lilibeba vya lazima: kompyuta mpakato, shati na viatu vya ofisini, hotpoti ya chakula cha mchana, maji ya kunywa. Haikupita muda mrefu suruali zikaanza kumlegea kiunoni. Ngazi za ofisini akawa anazipanda huku anaongea. Wenzake wakamwuliza anatumia dawa gani. Hapo ndipo tamaa ilipomwingia. Alikuwa ameona wanajeshi wakikimbia na mizigo mgongoni, akawaza: kama baiskeli peke yake imenifikisha hapa, nikiongeza uzito nitafika wapi? Akatia begini chupa mbili za lita moja na nusu, zilizojaa maji ambayo hakukusudia kuyanywa. Baadaye akaongeza mfuko wa sembe wa kilo 2. Begi likafika kilo 10.

Lakini mwanajeshi anayetembea na mzigo anaubeba kwa mifupa na misuli yake mwenyewe. Kila hatua nyonga, mapaja na uti wa mgongo vinapokea uzito ule, na mifupa huimarika kwa kupokea uzito. Mwendesha baiskeli amekaa. Mzigo ulio mgongoni mwake unashuka kupitia kiunoni hadi kwenye siti, na siti ndiyo inayobeba sehemu yake kubwa. Miguu inausikia kwenye mlima na wakati wa kuondoka baada ya kusimama, basi. Kwenye tambarare anayeshindana nawe zaidi ni upepo, na upepo haujali begi lina kilo ngapi.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kupandisha kilo 10 kwenye mlima wenye kimo cha mita 50 kunaudai mwili kalori 5 hivi. Kuzisogeza kilo hizohizo kilomita 15 za tambarare, tairi zikiwa zimejaa upepo sawasawa, ni kalori 8 au 9. Kijiko cha chai cha sukari kina kalori kama 16. Yaani kijana wetu alikuwa akitesa mabega yake safari nzima kwa ajili ya sukari isiyojaza hata kijiko kimoja, ilhali safari yenyewe, bila begi, ilikuwa ikimchomea kalori 300 hadi 400. Faida yote ilikuwa kwenye pedeli tangu siku ya kwanza.

Na faida hiyo si ndogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 260,000 wa Uingereza. Waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli, wakilinganishwa na waliokwenda kwa magari na usafiri wa umma, walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41 katika kipindi cha kufuatiliwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kijana wa Kimara alikuwa akizimaliza kabla ya Jumatano. Alichotakiwa kufanya ni kutoacha.

Lakini begi lilileta maumivu, nayo hayakuanzia mgongoni. Yalianzia vidoleni. Kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi akifika Magomeni, kwa sababu begi zito humsukuma mtu mbele, kifua kikashuka, na viganja vikabeba kwenye usukani uzito usiokuwa wao. Mshipa wa fahamu unaopita ukingoni mwa kiganja ukabanwa. Akawa anaukung'uta mkono kwenye taa nyekundu na kuendelea. Ganzi nyingine ilikuwa chini, kwenye siti, na hiyo hakumwambia mtu. Wanaume wengi hawasemi, na ni kosa, maana daktari anaijua na haimshangazi. Jioni, akiwa amechoka, alikuwa akiukabili mlima wa Kimara kwa gia nzito ili asionekane mnyonge, magoti nayo yakaanza kulalamika.

Joto lilikuwa na lake. Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka, na begi lilifunika mgongo karibu wote. Januari ya Dar, hewa imejaa unyevu tangu alfajiri, shati linalolowa chini ya begi halikauki hadi umelivua. Alikuwa anafika ofisini kichwa kinamgonga, akiwa na lita 3 za maji mgongoni ambazo hakuzigusa.

Asubuhi moja, bondeni Jangwani, bodaboda aliingia kwenye njia ya baiskeli akitokea kulia. Kijana alifunga breki. Baiskeli ikasimama, begi halikusimama: lilipanda mgongoni, likamgonga kisogoni, kofia ngumu ikamfunika macho. Aliponea kwa kuweka mguu mmoja ukingoni mwa barabara. Kabla ya hapo alitaka kugeuka kutazama nyuma, akashindwa, kwa kuwa begi lilikuwa limesimama hadi usawa wa masikio.

Siku hiyohiyo jioni alipata pancha Manzese, akaipeleka baiskeli kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Humo umebeba mawe?"

"Mazoezi tu, mzee."

Fundi akalinyanyua begi kwa mkono mmoja, akaliweka chini taratibu. "Mimi nimewafungia wauza mkaa keria tangu hujazaliwa. Mtu anatembea na gunia mbili, wala sijamwona aliyebeba hata kilo moja mgongoni. Nikufungie keria?"

Kijana akacheka, akalipia kiraka, akaondoka. Keria ingeharibu sura ya baiskeli.

Simlaumu kwa kupenda nguvu. Namlaumu kwa kuidharau keria, chombo ambacho watu wa huku wamekitegemea miaka na miaka kubeba maziwa, mkaa, mitungi na hata abiria. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, biashara nzima ya kusafirisha watu kwa bodaboda ilianzia juu ya keria yenye kigodoro. Waendeshaji wale walikuwa wanalisha familia kwa baiskeli, na walijua uzito unakaa wapi.

Kilichofuata hakikuwa ajali. Kijana alinunua dawa za maumivu duka la dawa, akazinywa mpaka zikaisha. Daktari akamwambia apumzishe mkono wiki kadhaa. Kabla wiki hizo hazijaisha, mvua za masika zikaanza, Jangwani pakajaa maji, akapata sababu nyingine ya kungoja. Masika yakapita. Baiskeli iko chini ya ngazi, tairi zimelala, na kijana amerudi kwenye foleni ya Kimara Mwisho akiwa na kiuno kilekile cha zamani.

Kwa hiyo wewe unayekanyaga kila asubuhi na begi mgongoni, leo ukipita dukani kwa Mangi wa mtaani kwenu mwombe mizani, ulipime. Likizidi kilo 4 au 5, anza kutoa: chaja ya pili iache ofisini, mashati ya wiki yapeleke siku moja, viatu vilale chini ya meza yako. Kinachobaki kifunge kwenye keria kwa kamba za mpira, kizito kikae chini. Ukitamani kubeba uzito, beba Jumamosi kwa miguu, ambako mifupa itafaidika. Na vidole vikifa ganzi zaidi ya siku chache, usivikung'ute, nenda hospitali.