Mlima, Mto na Anayebebeshwa Hatari

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Kibiti aliniuliza darasani: "Ustadhi, mtu anayekufa akipanda Kilimanjaro kwa burudani tu, si amejiua huyo?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lenyewe ni zito.

Wengi hukimbilia aya ya 195 ya Suratul Baqara, inayotukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Lakini sahaba Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) aliwasahihisha waliomtumilia aya hiyo mpiganaji aliyejitosa peke yake katikati ya maadui. Alieleza kuwa iliteremka pale Ansari walipotaka kubaki na mali zao na kuacha jihadi. Basi aya hii si fimbo ya kumchapa kila aliyethubutu. Anayejiua anakusudia kufa. Mpanda mlima anakusudia kurudi.

Hata hivyo, hatumwachi bila hesabu. Hebu tujiulize: anajihatarisha kwa haja gani? Wazee wetu wa delta ya Rufiji hulala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, na huvuka mto wenye mamba. Hatuwaiti wazembe, kwa sababu wanatafuta riziki. Wanazuoni wamepanga mambo kwa daraja: dharura, haja, kisha mapambo ya maisha. Burudani iko daraja la mwisho, na uhai uko la kwanza. Kwa hiyo, kadiri haja inavyopungua, ndivyo tahadhari inavyopaswa kuzidi.

Kilimanjaro ina mita 5,895, na kileleni oksijeni ni takriban nusu ya ile ya hapa pwani. Mwili unahitaji siku nyingi kuzoea. Lakini ada za hifadhi hulipwa kwa siku, hivyo wapo wanaofupisha safari ili kuokoa fedha. Huo si ushujaa, ni uzembe.

Swali kubwa zaidi ni hili: nani mwingine anabebeshwa hatari hiyo? Januari 2006, mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach, yakaua Wamarekani watatu na kujeruhi wengine, wakiwamo wapagazi. Mgeni alichagua mlima. Mpagazi alichaguliwa na shida zake. Kanuni inasema asibebe zaidi ya kilo 20. Anayemzidishia, au kumpandisha bila nguo za baridi, amemdhulumu, hata kama wote watarudi salama.

Na tusiishie kuwanyooshea vidole wageni. Mwenye chombo anayejaza abiria kutoka Nyamisati kwenda Mafia bila maboya ya kuwatosha, yeye tumwiteje? Abiria wale hawakwenda kucheza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutodhuru wala kudhuriana.

Nikamjibu kijana: "Hatusemi amejiua. Ila Siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa juu ya nafsi yake, na juu ya nafsi aliyoipakia hatari isiyoichagua." Safari hii darasa halikucheka.

Wallahu a'lam.