Mganga Hajigangi: Na Mchongaji Je?

Wazee wetu walisema kuwa mganga hajigangi. Neno hili hutumiwa aghalabu kwa mzaha, kumcheka tabibu aliyelala kwa homa, au seremala ambaye mlango wa nyumba yake hauna bawaba. Mimi nalichukua hapa kuwa swali zito, kwa sababu umezuka usemi mwingine ulio kinyume chake: kwamba mtu aliyeumia, akishika patasi au udongo akafanya sanamu, hujiponya mwenyewe kwa kazi ya mikono yake. Usemi huo ni mtamu, nami niliuamini nilipokuwa mwanafunzi. Aliyenitia shaka ni mjomba wangu wa Kwashemshi.

Kwashemshi iko katika wilaya ya Korogwe, katika nchi ya Wazigua na Wasambaa, ambako vijiji vingi huitwa kwa majina ya watu. Ni nchi ya mkonge pia, mmea ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mjomba alifanya kazi katika shamba moja la mkonge, penye mashine ya kukwangua majani, na siku moja mashine ikamla vidole vitatu vya mkono wa kuume. Akarudi nyumbani. Baada ya muda akaanza kufinyanga sanamu ndogo za udongo: ng'ombe, wanawake wenye mitungi, mzee na fimbo yake. Nilipokwenda likizo nikamkuta kazini chini ya mwembe, nikamwambia, kwa furaha ya kijana aliyesoma vitabu viwili, kwamba kazi ile imemponya. Akauweka udongo chini, akaninyoshea mkono.

"Mjomba, hebu hesabu."

Nikahesabu viwili.

"Basi nimepona nini?"

Sikuwa na jibu, na kwa miaka mingi jibu halikunijia. Sasa nadhani kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la fikira. Tuna maneno mawili ambayo twayachanganya kwa hasara. Kupona ni kurudi katika uzima. Kuganga ni kutibu, lakini nyuma ya maana hiyo ipo nyingine, ya kufunga na kuunga kitu kilichovunjika ili kisiachane. Mpini uliogangwa haurudi kuwa mpya. Ufa wake huonekana na kamba yake huonekana. Lakini jembe hulima. Tena tusemapo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, twaliweka neno kuganga mahali ambapo kuponya hakuwezi kuingia, maana yajayo hayajaugua bado. Kama ningalimwambia mjomba kuwa kazi ile inamganga, yumkini asingalininyoshea mkono. Lakini hapo methali ya wazee ingalisimama mlangoni na kuuliza: nani amganga nani?

Nchi yenyewe ina la kusema katika jambo hili. Waganga wa Wazigua, na wa jirani zao Wakwere na Wazaramo, walikuwa na tunguli, yaani kibuyu cha dawa, ambacho kizibo chake mara nyingi kilichongwa kwa sura ya kichwa cha mtu. Tazama jinsi kazi ilivyogawanyika. Kuchonga kizibo ni kazi moja, kuijua dawa na kuitia kibuyuni ni kazi ya pili, na anayeugua ni mtu wa tatu. Sanamu ile haikusemekana kuwa inamponya aliyeichonga. Ilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo wa watu. Kadhalika mwana hiti, sanamu ya mti ya Wazaramo na Wakwere aliyokaa nayo mwali siku zake za kufichwa ndani. Sanamu hiyo ina kichwa, shungi la nywele, matiti na kiwiliwili. Mikono haina na miguu haina. Mwali aliitunza kama mtoto, akaiosha na kuipaka mafuta. Kipande cha mti kisicho na mikono kilihitaji mikono ya mtu mwingine, na kuhitaji huko ndiko kulikokuwa kazi yake. Nadhani jambo hili ni kubwa kuliko tulivyozoea kuliona tupitapo mbele ya kabati za makumbusho.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walikuja kufanya kazi watu wengi waliotoka mbali, na miongoni mwao Wamakonde wa Msumbiji, ambao kuchonga kulikuwa fani ya baba zao. Mmakonde mmoja, Samaki Likankoa, atajwa kuwa chanzo cha mtindo wa uchongaji uitwao shetani. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 alikuwa akipeleka sanamu ya mtu kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, na njiani mkono wa sanamu ukavunjika. Angeweza kuutupa mti au kuuunga mkono kwa gundi. Hakufanya hivyo. Alilainisha mahali palipovunjika, akaendelea kuchonga mpaka mtu aliyepungukiwa akawa kiumbe kingine, kisichopungukiwa kitu kwa sababu hakikupata kuwa mtu. Peera akakipenda, akataka vingine. Kama kisa hiki kilitukia sawasawa na kisimuliwavyo au kimepambwa na wasimulizi, mafundisho yake kwetu ni yale yale, na yana pande mbili. Jeraha liligangwa bila ya kufichwa. Hilo ni jema. Lakini jeraha lile lilikuwa la mti. Mti haulii, wala hauulizwi kama wakubali kuwa shetani. Tukichukua kisa cha mti tukamvika mtu aliyekatwa kiungo, tukamwambia, nawe lainisha, utakuwa kiumbe kipya, twasema neno rahisi kwa kinywa kisichoumwa. Na mnunuzi aliyefurahia mkono uliovunjika hakuuliza habari za mchongaji aliyetembea na mzigo wake.

Mtu wa kutusaidia hapa ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu, kusini. Alipomaliza masomo alianza kuchonga mizizi ya mihogo, kisha mti laini, mwishowe mpingo. Katika miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam, na mjomba wake Augustino Malaba, mchongaji naye, akampatia kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Mlinzi akawa msanii. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Mashetani wake wana masikio mapana, matumbo ya mbele na midomo ya kucheka. Wanacheza ngoma, wanapika, wanasengenyana, wanagombana kama majirani wa uswahilini. Kisha kisukari kikamshika, na katika miaka yake ya mwisho akakatwa miguu. Hakuacha kazi. Alifanya kazi ndogo zaidi, vijana na jamaa wakawa karibu yake kumsaidia, na mashetani wake wakaendelea kucheza kwa miguu ambayo yeye hakuwa nayo, hata alipofariki Juni 2005.

Je, sanaa ilimponya Lilanga? La. Kisukari kilimwua. Msifu yeyote asemaye kuwa alikishinda kwa rangi na mti humdhulumu maiti, maana humpunguzia uzito wa alilolibeba. Lakini hakuishi miaka ile ya mwisho kama mtu aliyewekwa kando. Kila asubuhi palikuwa na kitu kilichomngoja, na watu waliongoja kitu hicho kutoka kwake. Hapo naona methali ya wazee haikuvunjwa: Lilanga hakujiganga. Aligangwa na wale waliomhitaji, na sanamu ilikuwa kamba iliyotumika kumfunga kwao.

Kwa hiyo siwezi kukubali kuwa kuchonga ni dawa ya kuandikiwa mgonjwa kwenye cheti, kisha aachwe peke yake na gogo lake. Akiwa peke yake, sanamu zitajaa chumbani, naye atabaki na jeraha lile lile na vumbi zaidi. Anayetaka mchongaji agangwe na aende akaitake kazi yake, aikosoe, arudi kesho kutaka nyingine.

Mjomba hakuzichoma sanamu zake katika moto. Nilidhani ni uvivu, au kwamba mkono haukumruhusu kukusanya kuni, nikajitolea kuzichoma mimi. Akakataa. Watoto wa kijijini walizichukua asubuhi, wakazichezea hata jua kuchwa, na zote zikavunjika, pembe za ng'ombe kwanza. Jioni alitembea polepole mpaka mtoni kuchimba udongo, akaulaza chini ya gunia bichi usikauke, kwa sababu alijua kuwa kabla ya umande kukatika watakuwa wamekwisha simama mlangoni wakimwita.